Zimwi la Mbonea

Paukwa!
Pakawa!
Kijito?
Kinateremka!
Na aliyekilinda?
Tusimulie!

Haya, sogeeni, na wewe uliyekaa mlangoni acha kutafuna kwa kelele. Hapo kale, huko milimani, alikuwapo mkulima jina lake Mbonea. Shamba lake la maharage lilipakana na kisitu, na ndani ya kisitu mlikuwa na chemchemi iliyotoa kijito. Kijiji kizima kilikunywa maji ya kijito hicho.

Wanaume wakakitaka kisitu kwa mkaa. Mbonea akawasihi, wakamcheka. Akapanda miche pembezoni, wakaifungulia mbuzi. Akamwangukia miguuni Kajiru, mchoma mkaa mkubwa kuliko wote. Kajiru akamwambia, "Ondoka hapa mzee, miti ni ya Mungu."

Basi Mbonea akaamua kudanganya. Na alidanganya kwelikweli! Aliokota shoka ambalo Kajiru alilisahau kisituni, akauguguna mpini kwa meno yake mwenyewe mpaka fizi zikatoka damu, akalitupa njiani. "Jamani," akasema, "humo mna zimwi. Linakula watu. Na linakuita kwa sauti ya mtu umjuaye. Ukiifuata, umekwisha."

Wakaogopa. Miaka saba hakuna shoka lililoingia. Hata mkewe, Nakiete, aliogopa, na Mbonea hakumwambia siri, maana Nakiete alikuwa na dada watano na wote wanaongea. Yeye mwenyewe aliingia kwa kificho, akitokea shambani, kuzoa majani yaliyoziba chemchemi.

Asubuhi moja tawi la mkuyu likakatika, likamwangukia kiunoni. Miguu haikusikia tena. Akapiga kelele. Watu wakaja mbio, wakakoma ukingoni mwa kisitu, mashoka mkononi.

"Ni mimi, Mbonea! Nakufa!"

"Limeanza," wakanong'ona. "Si mwenyewe alituambia?"

Akaita tena. "Nakiete! Mama watoto, nitoe!"

Nakiete akapiga hatua. Wakamshika watu wanne, naye analia, "Niacheni, ni mume wangu yule!"

Mara ya tatu, kabla hajaita, Kajiru akapaza sauti. Huyo hakuwa mwoga kama wenzake. "Wewe uliye humo! Kama u mtu, sema hakuna zimwi humu. Sema tu, tutaingia kukutoa sasa hivi. Na miti hii tutaimaliza wiki hii hii!"

Mbonea akafungua kinywa. Maneno yenyewe ni matatu tu, enyi mnaonisikiliza. Na aliyataka! Tusimpambe, aliogopa kufa, alitaka kurudi nyumbani kwake akale. Akageuza shingo, akaona maji yakitoka taratibu chini ya mizizi. Akamsikia mkewe akilia. Akajiuma mkono asije akasema.

Wakangoja mpaka jua likawa utosini. Kimya. Wakamtafuta Mbonea nyumbani, wakamtafuta shambani, hayupo.

"Limemla," akasema Kajiru, na yeye sasa anarudi nyuma.

Kisitu kipo mpaka leo. Kila asubuhi Nakiete huchota maji, hujitwika, kisha huigeukia ile miti akalilaani zimwi lililomuua mumewe.

Ngano yangu naiacha hapo kijitoni. Mwenye kiu anywe, na mwenye moyo akamwambie Nakiete. Mimi siwezi.