Mhudumu Aliyeshinda na Glavu

Naomba mnisikilize, na yule anayechezea simu kule nyuma aiweke mfukoni, maana jambo hili limeninyima raha wiki nzima.

Kulikuwa na mhudumu mmoja katika makao ya wazee. Mchapakazi kwelikweli. Akiingia kazini asubuhi anafunga aproni, anavaa barakoa, anavuta glavu vizuri, na hazivui mpaka anapotoka jioni. Wenzake wenye mikono mitupu aliwacheka: "Endeleeni tu, mtanitafuta mkiwa hoi!"

Siku moja babu mmoja akaamka anaharisha. Mhudumu akamsafisha, akambadilishia shuka, wala hakukunja uso. Mpaka hapo, nani amlaumu? Kisha akahamia kitanda cha jirani, kwa bibi aliyekuwa akisubiri chai. Bibi huyu alikuwa na hamu moja tu duniani: Jumamosi mjukuu wake anaolewa, na ameahidiwa gari la kumpeleka harusini. Mhudumu akamega mkate, glavu zilezile, akamsogezea mdomoni.

Bibi akarudisha kichwa nyuma. "Mwanangu, si umetoka kwa babu sasa hivi?"

"Jamani bibi, si nimevaa glavu! Mikono yangu haijagusa kitu."

"Yako haijagusa. Na huu mkate je?"

"Ah, bibi nawe! Kula, wenzio wana njaa."

Afanyeje? Mikono yake inatetemeka, hawezi kujilisha. Akala.

Mnatikisa vichwa? Subirini, bado.

Ugonjwa ukatembea kitanda hadi kitanda, kila alikopita mhudumu. Jumamosi gari likaja, likarudi tupu. Bibi yuko hospitali ana dripu mkononi, anauliza kama bibi harusi ameshavaa. Jioni haikumkuta hai.

Jumapili mhudumu akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Kazini kwetu wazee wameugua, wengine tumewapoteza, lakini mimi ugonjwa haukunigusa hata kidogo. Mungu amenilinda!"

Kanisa zima likaitika, "Amina!" Na vigelegele juu.

Ni nani walioitika, ndugu zangu? Ni sisi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza waliokufa waliupata wapi.

Mhudumu yule alivaa, tena alivaa sana, ila alijivalia mwenyewe. Hakuwaza hata mara moja kwamba glavu ni za bibi pia. Na sisi tunafunga, tunakesha, tunakwepa uchafu wa dunia usitushike, halafu tunachukua maneno ya nyumba hii tunailisha nyumba ile, tukiwa safi kabisa! Ndoa zinavunjika nyuma yetu, sisi tunashukuru kwamba zetu ni nzima. Inaniuma, na iwaume na ninyi.

Leo sipokei shuhuda. Kabla hatujaomba, kila mtu amgeukie jirani yake amuulize, "Mimi nimekuletea nini?" Ukishauliza usijitetee. Nyamaza, umsikilize.