Kiu ya Senkoro

Tulieni, watu wa mteremko huu, niwape asili yenu. Zama za mababu, kabla hapa hapajaota hata mgomba mmoja, alikuwapo Senkoro mwana wa Kiangi, mjukuu wa Mbonea, Mvunja-Majabali, ambaye kifunguakinywa chake kilikuwa mkungu mzima wa ndizi, hata mama yake akawa anawaomba majirani radhi kila alipomtuma ugenini. Huyo ndiye aliyewatoa wazee wetu katika nchi ya ukame, akapasua miamba kwa moto na nyundo, akachimba mfereji kutoka chemchemi ya juu hadi shamba la mwisho bondeni, shamba la mjane Nakijwa.

Lakini maji hayakufika bondeni. Kila mwenye shamba la juu aliuziba mfereji kwa tope, ajaze kwake kwanza, akisema yatakayobaki yatashuka, na hayakubaki. Mahindi ya Nakijwa yalikauka, na mwanawe akawa analia kiu mchana kutwa.

Senkoro angeweza kuwatandika wote kwa mkono mmoja, nao walilijua hilo. Badala yake aliweka jembe chini mbele yao, akatamka: "Maji haya hayatagusa ulimi wangu mpaka yafike kwa Nakijwa."

Walicheka, wakasema mwenye tumbo lile atakunywa kabla jua halijazama. Hakunywa. Alilamba umande, akatafuna shina la mgomba, na lile pande la mtu likakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Ndipo aibu ilipowaingia, ila, ole wetu, iliingilia mlango usio wake. Badala ya kuondoa tope, wao nao waliacha kunywa, wakajipaka majivu, wakawa wanashindana nani midomo yake imepasuka zaidi, na huku maji yametuama mashambani mwao, vyura wanaogelea. Naona haya kusema kwamba hao ndio babu zetu.

Senkoro alijikokota hadi walipokaa, akasema: "Nani kawaambia naipenda kiu? Naichukia. Nilijinyima ili mwingine apate. Kujinyima kwenu kumempatia nani?"

Walishika majembe, wakazibua tope lote, kutoka juu hadi chini.

Kulipokucha, Nakijwa alipanda mlima na kibuyu cha maji yaliyochotwa shambani kwake. Senkoro hakukipokea.

"Mtoto je?"

"Amekunywa, baba. Amelala."

Hapo Mvunja-Majabali alipiga funda moja, akasema ni matamu, akalaza kichwa ukingoni mwa mfereji wake, asiamke tena. Nimelisimulia hili tangu ujana wangu, na bado linaniuma.

Tangu siku hiyo, kwetu shamba la juu humwagiliwa mwisho. Na mtu akijisifu kwa kufunga au kujinyima, hata mtoto mdogo ana ruhusa ya kumuuliza: "Na maji yamefika kwa nani?"