Jina la Sita kwenye Kadi

Sogeeni, na aliye na mtoto ampakate vizuri, maana leo hakimu ni kila aliyeketi hapa, mkubwa kwa mdogo.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, kunakolimwa tangawizi, walikuwapo wanawake watatu majirani, na kila mmoja alijaliwa jambo lake. Namsifu alijaliwa mgongo. Gunia lililowafanya wanaume wajikune vichwa, yeye alijitwika akaondoka nalo huku akiimba. Bibi Niwaeli alijaliwa ulimi. Karani aliyenuna tangu asubuhi, bibi akimsemesha kidogo, alimletea kiti mwenyewe. Mbazi hakuwa na nguvu wala maneno. Yeye alijaliwa kutoweza kusema hapana.

Jirani yao wa nne alikuwa Nakundwa, na mtanziko wenyewe ni wake.

Mwanawe Kirumbe alirudi kutoka kwa shangazi yake tambarare akiwa na homa, na asubuhi moja hakuamka. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda hazipandi. Kwa desturi, mgonjwa hushushwa kwa machela na wanaume wa kitongoji, lakini asubuhi ile wote walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wakizibua mfereji kule juu kabisa. Nakundwa alikuwa na kichanga mgongoni. Alisimama uani akizunguka kama kuku.

Namsifu akaweka jembe chini. "Nipe huyo. Wewe beba wako."

Akamfunga mtoto mgongoni na kushuka naye mlima. Penye mawe aliteleza, na badala ya kujishika kwa mikono, aliikunja nyuma kumkinga mtoto, akaangukia kiuno. Aliinuka, akatembea. Tangu siku ile Namsifu hajitwiki hata ndoo.

Hospitalini, karani wa dirishani alizilinganisha kadi mbili. "Ya bima inasema Kirumbe. Ya kliniki inasema Elisante. Mama, umeniletea watoto wangapi?"

"Mmoja, baba. Kirumbe ni jina la babu yake. Nyumbani ndilo tunalomwitia."

"Basi mwenye bima ni babu yake. Huyu alipiwe taslimu."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nakundwa hakuwa na taslimu. Siku ya kuandikishwa alilitaja jina la babu kwa fahari, kama ambavyo kila mama pale milimani angelitaja.

Bibi Niwaeli alikuwa palepale, amefuata dawa zake za kisukari. Akapenya hadi dirishani na kadi yake mkononi. "Mwanangu, msamehe mama huyu, homa ya mtoto imemvuruga. Huyu ni Mbonea, mjukuu wangu, yumo kwenye kadi hii. Mwangalie, sikio ni langu hili!" Karani akatabasamu, akagonga muhuri. Lakini wiki hiyohiyo Mbonea mwenyewe akaanguka na kuvunjika mkono, na alipofikishwa hospitali kompyuta ikasema Mbonea yumo wodini, amelazwa. Kadi ya bibi ikafungiwa. Tangu siku ile dawa ya sukari anaimeza akipata.

Mtoto alipofikishwa kitandani, daktari akasema damu imemwishia, na ya akiba haipo. Nakundwa alikataliwa, ametoka kujifungua. Ya Namsifu haikuoana. Mbazi alikuwa ameshuka na chupa ya uji tu, awaletee wenzake, na sindano alikuwa anaziogopa kama nyoka.

"Mama, wewe je?" daktari akamwuliza.

"Sawa," alisema Mbazi, akafumba macho.

Hakujua kwamba alikuwa mjamzito. Sasa mimba ni kubwa, damu yake haitoshi, na nesi amemwambia akijaribu kuzalia nyumbani asitegemee kuamka.

Kirumbe alipona. Anakimbia, anaiba miwa.

Msimu uliofuata yakaja mageuzi ya bima. Afisa alipanda na kishikwambi chake, akaeleza mkutanoni: kadi za zamani mwisho, mchango umepanda, na kadi moja ni watu sita.

"Tukilipa, dawa zitakuwepo?" mtu akauliza.

"Mkichangia wengi, dawa zitakuwepo."

"Basi dawa zianze kuwepo, uone tutakavyochangia!"

Watu wakacheka. Afisa akangoja. "Na mzima akikataa kuchangia, mgonjwa atibiwe na nini?" Na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Machela tunabeba wenyewe, damu tunatoa wenyewe, na kadi tununue sisi," alisema mama mmoja. Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha macho.

Bei ya tangawizi ilikuwa imeanguka, na wale watatu hawakuweza kulipa. Nyumba ya Nakundwa iliuza mbuzi, ikaweza. Wa kuandikwa walikuwa yeye, mumewe, watoto wao wawili na baba mkwe. Nafasi ya sita ilikuwa ya mama mkwe, aliyefariki wakati wa masika.

"Jazeni mtu," alisema afisa. "Mimi sitakuja kuhesabu vitanda."

Mumewe akamwambia Nakundwa, "Iache wazi. Ukimwandika mmoja, wawili watakuwa wanakusalimu kwa midomo tu." Lakini Nakundwa hakuweza. Aliona ni kama kumwaga uji mbele ya wenye njaa.

Namsifu alikuja akiegemea fimbo, na bakuli la makande mkononi. "Mwandike Mbazi. Kiuno hakiui mtu." Alipoinuka kuondoka, Nakundwa alimsikia akiguna, kisha akikohoa ili ionekane ni kikohozi.

Bibi Niwaeli alikuja na mzaha. "Sukari yangu niliila yote usichanani, sasa nailipia. Usinihangaikie." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Ila ganzi ya mguu imefika gotini."

Mbazi alikuja, akafua nepi za kichanga, akaondoka bila neno. Aliyesema ni mumewe, alipopita asubuhi. "Damu ya mke wangu inatembea ndani ya mwanao, Mama Kirumbe. Nakukumbusha tu."

Siku ya kuandikishwa, wanawake wale watatu walikaa benchi moja, wakisogezeana nafasi. Nakundwa alifika mbele ya meza.

"Jina la sita, mama?"

Wale watatu walitazama chini kwa pamoja, ili asione aibu ya kuchagua. Nakundwa akafungua kinywa.

Afisa anasubiri, na foleni nyuma inanung'unika. Haya, wewe unayesikiliza: yupi aandikwe? Aliyeumia kiuno, aliyepoteza kadi, au aliyetoa damu? Taja jina moja. Na ukishalitaja, mfundishe pia Nakundwa maneno ya kuwaambia wawili waliobaki, kesho watakapokutana mferejini.