Boya Likilala Halivutwi

Weka mkono chini, Kangero. Usivute! Nimesema usivute. Ndivyo mlivyofundishana huko mjini, boya likitikisika tu mtu anarusha fimbo juu kama anafukuza nyani shambani? Tulia, mume wangu. Mjukuu wa kiume ni mume, na mume akichekwa mbele ya watu anayeaibika ni mimi. Pale ukingoni wapo wazee watatu wanakutazama, na wote watatu wameshaguna.

Hebu liangalie boya lako. Halikuzama. Limelala ubavu juu ya maji, limetulia. Sasa nikuulize, boya husimama kwa nini? Husimama kwa sababu kile kijiwe ulichofunga juu ya ndoano kinalivuta chini. Likilala, ujue huko chini kuna aliyekinyanyua kijiwe. Amekinyanyua, hajala. Legeza mshipi, ukae hapa kando yangu nikueleze kwa nini katika ziwa letu boya likilala halivutwi, hata kama mke mwenzangu Nanzia yuko nyumbani na mimba ya miezi saba na amekutuma perege. Usinifiche, najua amekutuma. Mwenye mimba akitaka kitu, nyumba nzima hailali.

Wakati ninaousema, hata babu wa babu yangu alikuwa hajaota jino. Perege wa siku hizo alikuwa na mdomo wa kulia chakula tu, basi. Mayai yake aliyataga katika kishimo alichokichimba mchangani, penye maji ya magotini, akakaa juu yake akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Vishimo hivyo vilikuwa vingi mno. Ukisimama juu ya mwamba ule pale, unaviona vimepangwa kama sahani siku ya harusi. Watu hawakuvijali. Walivua mbali, kwenye maji marefu, kwa ufito, mshipi wa katani, kijiwe, ndoano ya mfupa na nyungunyungu. Boya lao lilikuwa kipande cha bua la mtama. Likizama, walivuta. Likilala, walivuta vilevile, na hakuna aliyeuliza tofauti yake.

Basi palikuwa na mjane akiitwa Nakiete, na binti yake mmoja tu, Mbonea, ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kung'oka. Mwaka huo mvua ilikataa. Ziwa likarudi nyuma, tope likapasuka, na Mbonea akashikwa na homa. Homa ilipomwacha, ilimwacha mifupa mitupu. Uji akipewa, anatapika. Maziwa, anatapika. Mlenda, anatapika kabla haujafika kooni. Kitu kimoja tu kilikubali kukaa tumboni mwake, nacho ni mchuzi wa perege. Siku aliyoupata, jioni aliketi mwenyewe akaomba achanwe nywele. Siku aliyoukosa, kichwa hakikunyanyuka mkekani. Nakiete alikuwa ameshawazika watoto wawili kabla ya huyu, na alijua vizuri dalili anayoitazama.

Kila asubuhi alitoka na ufito wake. Lakini kwenye maji marefu samaki walikuwa hawali tena, na wanaume wenyewe walikuwa wakirudi mikono mitupu. Siku moja alikuwa anarudi amechoka, ufito begani, mshipi ukateleza na ndoano ikaangukia ndani ya kishimo kimoja cha perege. Boya likalala papo hapo. Akavuta, ah! Perege mnene, kiganja kizima. Akadondosha kishimo cha pili, boya likalala, akavuta. Cha tatu, hivyo hivyo. Siku hiyo Mbonea alikunywa mchuzi mpaka akacheua.

Lakini Nakiete alipowapasua wale samaki aliona jambo. Matumbo yao yalikuwa matupu, na nyungunyungu wake alikuwa mzima kwenye ndoano, hajang'atwa hata ncha. Akamwita jirani yake, mzee Senkondo, mvuvi mwenye maneno.

"Baba, hebu njoo uone. Samaki gani huyu anayeshika chambo asikile?"

Senkondo akacheka. "Wewe mama, unataka samaki au unataka sababu?"

Naye akacheka, akalisahau. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. La pili alilifanya kwa moyo mzuri, na makosa ya moyo mzuri ndiyo mabaya, maana hayakatazwi na mtu. Hakutaka kula peke yake wakati wenzake wana njaa, kwa hiyo akawaita wote, wanawake kwa wazee, akawaonyesha: dondosha kishimoni, boya likilala, vuta. Watu wakamshukuru. Kila jiko likanukia samaki. Wakawa wanamwita mama wa kijiji, naye akawa anatembea kifua mbele kidogo, simlaumu.

Miezi miwili haikutimia. Vishimo vilibaki, wenyewe hawapo. Mayai yakawa yanalala pale bila mlinzi, na kambare wakatoka topeni wakayala. Kambare wa siku hizo alikuwa havuliwi na mtu. Watu walimwona hana magamba, tena ana masharubu. Walisema samaki mwenye masharubu anafanana na mjomba, sasa mjomba utamlaje? Basi kambare wakajilia, wakanenepa kama michi ya kutwangia. Wavuvi wakaanza kushinda ziwani bila kuona perege hata mmoja.

Ikafika siku ya tatu Mbonea hajaonja mchuzi. Asubuhi ile Nakiete alikuwa akifagia chumbani, akaona mwiba wa uzio wa mbuzi umeingia kwenye mkeka, karibu na mbavu za mtoto. Akautoa kwa ncha za vidole, taratibu, asimwamshe, akaupeleka mpaka nje ya mlango akautupa. Mbonea akafumbua macho.

"Mama, leo usiende mbali."

"Siendi mbali, mwanangu. Napita hapo matete tu, narudi."

Alizunguka tangu jua la asubuhi mpaka likaanza kuegemea magharibi. Vishimo vyote vitupu. Kimoja tu, nyuma ya mafunjo, kilikuwa na mwenyewe. Perege mmoja, amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili, anapepea mayai yake. Nakiete akachutama kwenye kivuli cha mafunjo, akadondosha ndoano. Boya likalala.

Sikiliza sasa, Kangero. Siku zote yeye na wenzake walikuwa wakivua wamesimama mbali, jua linang'aa juu ya maji, hawaoni cha chini. Siku hiyo maji yalikuwa machache, kivuli kimeyatuliza, akaona mpaka mchangani. Mkono wake ulikuwa unataka kuvuta, lakini macho yakautangulia. Alimwona yule perege akiishika ndoano kwa ncha za midomo, taratibu, pamoja na nyungunyungu wake, akaibeba mpaka ukingoni mwa kishimo, akaitema nje. Kisha akarudi upesi kupepea.

Nakiete hakuamini. Akaitoa ndoano, akaidondosha tena. Perege akaishika, akaibeba, akaitema nje. Mara ya tatu, vivyo hivyo.

"Jamani," akasema peke yake. "Huyu hali. Huyu anafagia!"

Ndipo akayakumbuka yale matumbo matupu, na nyungunyungu wazima. Akakumbuka wote aliowavua, na wote aliowafundisha wenzake kuwavua. Walikuwa hawana njaa wala tamaa. Kila mmoja alikamatwa akitoa mwiba kwenye mkeka wa wanawe. Nakiete akaketi mle mle majini akalia, nguo zote zikalowa.

Lakini kulia si kupika. Mbonea yuko nyumbani, siku ya tatu hii, na yule ndiye perege pekee ziwani. Nakiete akajifuta macho kwa mkono wa tope, akaidondosha ndoano mara ya nne, na mimi sisemi alifanya vibaya. Boya likalala. Mvuto mmoja tu, na mtoto anakunywa.

Usidhani alimpenda samaki kuliko mwanawe. Wanaosimulia hivyo hawajawahi kuwa na mtoto mgonjwa. Aliwaza hivi: nikivuta leo, mayai haya hayafiki jioni, kambare wale kule pembeni wananingoja mimi. Leo mchuzi upo. Kesho nitampa nini? Na keshokutwa? Aliwaza hayo kichwani, na moyoni alikuwa anauona ule mkeka. Akauzungusha mshipi kidoleni, tayari kuvuta. Kisha akaulegeza. Akasema kwa sauti, "Mwanangu, nisamehe," na hakuna aliyemsikia.

Perege akaibeba ndoano mpaka ukingoni, akaitema nje kama kawaida yake. Na pale nje, ndani ya tope, alikuwa amejilaza kambare mkubwa kuliko wote, anangoja mama ageuke. Akaona nyungunyungu ameletewa mdomoni. Akammeza, na ndoano yake, na kijiwe chake. Lile boya lililolala likasimama, likazama, likapotea kabisa.

Nakiete akavuta kwa mikono miwili. Kambare akaruka, akapigapiga mkia, kishimo kikabomoka, maji yakawa tope tupu, na mayai yakaanza kuelea huku na huko huku kambare wengine wakisogea. Hapo ndipo perege alipofanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mama yake wala bibi yake. Mdomo wake ulikuwa umeshinda jioni ile ukibeba. Akaufungua, akaanza kuyaokota mayai yake, moja moja, kumikumi, mpaka mashavu yakavimba. Alipolipata la mwisho akaufunga, akapenya kwenye mafunjo, akaenda zake.

Nakiete alimburura kambare mpaka nyumbani. Senkondo akamwona akimpasua, akashika kiuno.

"Mama Mbonea! Utampa mtoto mjomba wake?"

"Nitampa," Nakiete akasema. "Na wewe leta kibuyu chako, maana ni mkubwa."

Akamchemsha kwa chumvi na ndimu ya porini. Akamshika mtoto kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akakaa akimtazama koo. Senkondo naye alisimama mlangoni, kibuyu mkononi. Mchuzi ulikaa. Mbonea akalamba midomo.

"Mama, huyu siyo perege."

"Siyo, mwanangu."

"Perege yuko wapi?"

"Amehama na wanawe."

Kesho yake Nakiete alipita nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, kule kule alikoshukuriwa. Akasema, mimi ndiye niliyewafundisha vibaya, na mimi ndiye ninayewafundisha upya. Boya likizama, vuteni, huyo amekuja kula. Likilala, ngojeni, huyo anafagia, hajawakosea kitu. Wapo waliomtukana. Wapo waliosema ni uchungu wa mjane. Lakini Senkondo alimtangulia kila mlango akisema, "Nimekula mjomba mimi, na ni mtamu," na watu wakicheka huwa wanasikia.

Kuanzia jioni ile, perege wa ziwa hili haachi mayai yake mchangani. Akishataga tu anayabeba mdomoni, na watoto wakianguliwa wanakaa humo humo, wakitishwa wanarudi humo. Siku zote hizo hali kitu, hata umwekee nyungunyungu mnono namna gani, anakonda mpaka kichwa kinauzidi mwili. Lakini kishimo bado anachimba, na kabla ya kutaga bado anakifagia. Ndiyo sababu sisi tukiona boya limelala tunalegeza mshipi. Na Mbonea alipona, akaolewa, akazaa wasichana wanne, na mmoja wao ndiye aliyemzaa bibi yangu. Asingepona, usingekuwepo hapa na fimbo yako ya dukani.

Haya, lione boya lako. Limesogea kushoto, halafu limesimama tena wima, maana yake amekwisha kuitema mlangoni kwake. Sasa ngoja. Kama nje yupo mwenye njaa, utamwona. Kama hayupo, tutakunja mishipi, na mke mwenzangu atakula mlenda leo. Mweleze sababu. Mwekee mkono tumboni ukimweleza, hatakukasirikia.