Kopo la Mabua

Mwanamke mmoja, jina lake Melania, alikuwa na bustani ya maua huko nyanda za juu, ambako mwezi wa saba sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, huunguza kila kilicho kibichi. Kila Jumamosi alichuma mawaridi, akayafunga kwa ukambaa wa mgomba, akampelekea rafiki yake Skolastika aliyekuwa mgonjwa kitandani. Njiani watu walimsifu. Tusifichane, sifa zile alizipenda.

Mwaka mmoja sakitu ilianguka siku tatu mfululizo. Mawaridi yakawa meusi. Melania akafyeka bustani nzima, mabua makavu na vichwa vya mbegu, akavitupa kando ya njia. Jumamosi ilipofika hakwenda. Alijiambia kwamba mkono mtupu haulambwi. Jumamosi ya pili pia hakwenda, na ya tatu alipita njia ya mbali asionekane na watu wa nyumba ile. Miezi ikapita hivyo, naye kila siku akiangalia visiki kama vimechipua.

Waridi la kwanza lilipochanua, alilikata mbiombio akaenda. Alimkuta Skolastika amekwisha mwili, sauti imebaki kidogo. Juu ya kigoda palikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake mabua makavu yamepangwa kwa uangalifu, marefu nyuma, mafupi mbele, na vichwa vya mbegu katikati. Melania aliona wivu. Akauliza ni nani aliyemletea mgonjwa takataka zile.

Skolastika akasema, "Ni mabua ya bustani yako, dada. Niliposikia umeyatupa nilimtuma binti yangu ayaokote, walau niwe na kitu kilichotoka kwako."

Melania aliona aibu. Alitafuta mahali pa kuliweka waridi lake asipaone, akalificha ndani ya khanga. Skolastika alifariki Jumatano iliyofuata. Maziko yalikuwa na mawaridi mengi yaliyoletwa na wengine, lakini Melania alisimama nyuma ya watu wote, ameshika lile kopo la mabua.

Ndugu zangu, msidhani namsema yeye. Mimi ninayesimama hapa nina kaka yangu anaumwa, nami sijamwona tangu mavuno, kwa kuwa sina cha kumpelekea. Nawe je, ni nani anayekungoja wewe, huku wewe unangoja waridi?