Kilo za Namba Tano

Mzee Mwaipaja ndiye pekee kijijini aliyekuwa na dume la nguruwe, na malipo ya kupandishia dume lake yalijulikana: watoto wa nguruwe wakiachishwa kunyonya, yeye huchagua mmoja. Siku zote alibeba aliyenona kuliko wote. Zamu ya Atuganile ilipofika, alikuja na pikipiki, miguuni viatu vyeupe vya harusi.

"Bandani kuna tope, baba, utavichafua bure," Atuganile alisema. "Siku hizi nguruwe wangu wote nimewaingiza kwenye programu. Chagua humu humu kwenye simu."

Mzee akavaa miwani, akapekua. Kilo tisa, kilo kumi, kilo tisa. Namba tano, kilo ishirini na moja.

"Nipe namba tano."

"Baba, huyo niachie, nakuomba."

"Programu haina huruma, mwanangu. Mtie kwenye gunia."

Atuganile akaingia bandani akijifuta machozi, akarudi na gunia, akalifunga mwenyewe kwenye keria. Mzee akaondoka akipiga mluzi.

Alipolifungua nyumbani, kikatoka kitoto chenye masikio makubwa kuliko mwili, kikapiga chafya. Mzee akapiga simu.

"Atuganile, programu imeandika kilo ishirini na moja!"

"Ndizo, baba. Hakutulia kwenye mizani, nikampima akiwa ndani ya ndoo ya pumba."

"Na ndoo hukuitoa?"

"Programu haikuuliza habari za ndoo. Ila kama unazitaka kilo zako zilizobaki, ndoo ipo. Njoo uichukue."