Kisu cha Mkono wa Kushoto

Wahenga walituachia neno hili: njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba mwongo hafiki popote. Hufika, tena hufika mapema, tumbo limeshiba na kofia iko kichwani, wakati mwenye haki yu chini anafuta machozi. Walichosema ni kwamba njia yake hukatika ghafla mbele za watu, na hapo ilipokatika hana pa kupitia. Aliyeishi Butembo miaka ile ya vita, bunduki ilipokuwa ndiyo shahidi na ndiyo hakimu, hahitaji kufafanuliwa.

Karibu na mto Kimemi aliishi mjane aliyeitwa Godelive. Mumewe, marehemu Lusenge, alikuwa mhunzi. Kabla homa haijamchukua, alikuwa amefua kisu kutoka kwenye chuma cha resori, ile springi ya lori, akakichovya majini, kisha akakirudisha motoni kidogo ili kisivunjike kama kigae. Hakuwahi kukimaliza. Kilibaki cheusi kama sufuria, hakina makali wala mpini, kimefungwa guniani pamoja na tupa yake.

Binti yao Falonne aliuza sabuni ya mawese. Alinunua miche mirefu na kuikata vipande sokoni. Wateja wa Butembo wana macho: kipande kikiwa kinene huku na chembamba kule, wanakiacha palepale. Lakini visu vya dukani vilimegua sabuni kama muhogo mkavu. Tena Falonne alikuwa na jambo alilolificha kama kidonda: alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni alichapwa kwa ajili yake. Nyumbani shangazi zake walimfunza kwamba mkono huo haupokei wala hautoi kitu mbele ya wakubwa, maana ni dharau.

"Mungu hakukosea siku alikuumba," mama yake alimwambia, akalifungua lile gunia.

Alikibana kisu juu ya kigogo kwa kabari za mbao. Akaisukuma tupa kwenda mbele tu, bila kuiburuta kurudi nyuma, hata weusi ukatoka na chuma kikacheka. Upande wa kulia aliuacha bapa kama ubao. Upande wa kushoto peke yake ndio alioulaza kuelekea makali, mfano wa patasi, ili kisu kiufuate mkono wa mwenyewe. Kisha akalilowesha jiwe la mtoni, akapaka masizi penye makali, akanoa. Palipobaki masizi alijua jiwe halijafika. Ukingoni ukatokea uzi mwembamba wa chuma, wenye kukwama kidoleni. Akakigeuza kisu, akaulaza ule upande bapa juu ya jiwe laini, akauondoa ule uzi. Mpini ulikuwa wa mkaratusi, umeshikwa na misumari iliyokatwa na kufuliwa vichwa. Mwisho alikipitisha kwenye mkanda wa ngozi wa marehemu, Salamu Maria moja kwa kila mvuto. Makali yake yakawa yanakata jani la mgomba bila kulitikisa.

Falonne aliuza vizuri msimu mzima. Ndipo siku moja, akielekea Beni na bidhaa yake, askari wa kizuizi cha barabarani aliyeitwa Ilunga alikiona kisu na kukitamani. Falonne alikataa kukiachia. Askari akapiga kelele kwamba ameibiwa, na binti wa watu akasukumwa ndani ya banda lenye mlango wa mbao. Muuza sabuni mwenzake, Julienne, alirudi mjini mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, akamwita Godelive.

Godelive alifika rozari mkononi. Komanda Gustave aliketi chini ya turubai, na wachuuzi waliozuiwa njia walikuwa wamejazana wakitazama.

"Komanda, kisu hii ni yangu," Ilunga alisema bila kupepesa jicho. "Baba yangu alinipatia kwetu. Hii mutoto aliniibia. Labda alikuwa anapelekea waasi ba Maï-Maï."

"Uongo!" Falonne alilia ndani ya banda.

"Nyamaza! Kesho unaenda Beni," komanda alisema. "Gereza itakufundisha."

Watu walitazama chini. Waliopelekwa Beni kwa neno hilo la Maï-Maï, wengine hawakuonekana tena. Godelive alihisi hasira ikimchemka kifuani kama maharagwe chini ya mfuniko, lakini hakuiacha imwagike.

"Komanda, mi ni mujane, sina bunduki. Lakini kisu hii nilinoa na mikono yangu. Umuulize tu: anajua kukata nayo?"

"Mi?" Ilunga alicheka. "Ninakata nayo kila siku! Nyama, kamba, hata sabuni. Hata ufunge macho yangu, nakata sawa!"

"Basi akate sabuni. Mbele ya hawa bantu wote."

Komanda alipiga mwayo. "Kata, tumalize."

Mche uliwekwa juu ya ubao. Ilunga alikamata kisu kwa mkono wa kulia, akakandamiza. Kisu kikakimbilia nje. Kipande kikaanguka kinene juu, chini kimeisha kama ulimi wa mjusi. Cha pili kikawa kibaya zaidi.

"Sabuni hii iko na mawe!" alisema.

"Mawe iko mu kichwa yako!" Julienne alijibu kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Komanda akaamuru Falonne atolewe bandani naye akate. Akajifuta mikono, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akapokea kisu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono huohuo wa heshima akakata. Kipande kikaenda upogo vilevile.

"Mumeona?" Ilunga aliruka kwa furaha. "Mwizi ni huyu!"

"Falonne!" Sasa Godelive hakuzuia kitu. "Adabu hiyo ni ya nani? Wamekufungia bila haya, na weye unawaheshimu mpaka unajipeleka gereza? Kata na mukono Mungu alikupatia!"

Falonne aliunyosha mkono wa kushoto. Bibi mmoja alijifunika mdomo. Kisu kikahamia mkono wa kushoto, kikashuka kimya, na vipande vikaanguka vimefanana kama mapacha.

Komanda alikichukua kisu, akakitazama upande uliolazwa na upande bapa. "Ilunga, weye unapiga bunduki na mukono gani?"

Ilunga aliuficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Mutoto aende," komanda alisema. "Kisu ibaki hapa kwa ofisi yetu."

Godelive hakusogea hata kidogo. "Ibaki ni ya nani? Sema mbele ya hawa bantu. Kama ni ya Falonne, umurudishie. Kama ni yako, sabuni ile pale. Kata."

Komanda alivitazama vile vipande vya upogo, kisha akakitoa kisu, mpini mbele. Falonne akakipokea kwa mkono wa kushoto, mbele ya wakubwa wote.

Hakuna aliyewaomba msamaha. Ilunga hakufungwa hata saa moja. Alirudi kusimamia kizuizi cha barabarani na bunduki yake. Lakini vipande vyake viwili wachuuzi walivipanga juu ya jiwe kando ya barabara, na kila aliyepita alivitazama, kisha akamtazama yeye. Uongo wake ulikuwa na silaha, banda na komanda, na bado haukuweza kuvuka mche mmoja wa sabuni. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.